Tanki ya Pili ya Simiyu

Jumatatu, 7 Februari 2005. Kitale

Geti ya yule mama wa duka la dawa imeisha. Nimeichomelea hivi kwamba mwizi akiiona ataomba kazi halali. Chai, mandazi. Kisha nikasikia injini, nikaijua kabla sijainua kichwa. Kitale nzima hakuna anayejua gari kwa mlio kama mimi. Nimefika Goma na Juba nikitafuta mshindani, nikarudi mikono mitupu.

Ilikuwa Land Rover ya Simiyu, ile ndefu ya mwaka sabini na nne. Ametoka nayo Bumula pole pole kama mtu anayebeba mayai. Simiyu ni bakoki yangu. Tulipakwa matope ya mto mmoja, tukasimama mbele ya kisu cha tohara asubuhi moja. Kwetu mtu kama huyo unamtukana mbele ya mke wake, unamnyang'anya kuku, na yeye anacheka. Nikamwambia, "Kumbe siku hizi maiti wanapewa leseni?"

Hakucheka. Alishuka akishika mlango. Miguu imevimba, kamba za viatu hazifungiki.

Anataka tanki ya pili ya petroli. Anataka kwenda juu, mbele ya Lokitaung, alikozikwa Wanyonyi.

Wanyonyi ni kifungua mimba wake. Alikuwa dereva wa watu wa kuchimba visima. Mvua za mwaka jana homa ikamshika huko. Mito ya mchanga ilikuwa imejaa, gari hazipiti, na joto la Turkana halingojei mtu. Wenzake wakamzika siku ile ile. Bumula walipata habari baada ya kazi yote kuisha.

Nimesema nitatengeneza. Ningesema nini?

Jumatano, 9 Februari

Nimeshinda chini ya gari. Tanki ya zamani iko nyuma. Mpya nitaiweka chini ya kiti cha abiria. Nafasi iko, kama Mzungu aliyeichora alijua Simiyu atakuja siku moja. Nitaikunja kwa bati jipya. Tanki kuukuu sichomelei, harufu ya petroli ikibaki ndani unakwenda mbinguni bila kuaga.

Ukipita Lodwar, petroli ni bahati. Wanakuuzia kwa chupa, na nusu ni maji ya kisima.

Simiyu alikaa kwenye tairi akiniangalia. Ameniambia kuhusu moyo kama mtu anayetaja bei ya maharagwe. Daktari wa Bungoma amesema umepanuka, maji yanapanda. Asisafiri mbali. Asibebe kitu. Asikasirike. "Sasa nimebaki na kuzaliwa upya," akasema.

Wazee wa ukoo walimwambia azike mgomba. Hivyo ndivyo kwetu mtu akipotelea mbali: unakata shina la mgomba, unalifunika shuka, unalizika kwa jina lake, mambo yanaisha. Simiyu alikataa. Alisema mgomba haukuwahi kumwamsha usiku ukilia kwa sababu ya kuota meno. Anataka afike pale, amwite mwanawe kwa jina, achukue udongo, aje nao nyumbani, roho ifuate. Baba ndiye huita. Na anataka afanye hivyo kabla hajaingia chini yeye mwenyewe.

Nimemuuliza, ukifia njiani je? Akasema, si utakuwa na tanki mbili, utanirudisha.

Sikupenda hiyo mzaha. Mimi ndiye mwenye mizaha hapa.

Ijumaa, 11 Februari

Bati limekatwa. Nimeweka kuta mbili ndani zenye matundu, ili petroli isirukeruke barabara ikiwa mbaya. Fundi wengine hapa hawaweki. Ndiyo maana gari zao zinacheza rumba kwenye kona.

Kazi nzuri. Moyo mbaya.

Jumamosi, 12 Februari. Bumula

Nimeshuka kumsalimia. Mkewe, Mama Wanyonyi, alinichinjia kuku. Simiyu akala vijiko viwili, akaenda kulala mchana. Zamani huyo mtu alikuwa anamaliza mguu wa mbuzi akiuliza mwenzake uko wapi.

Mama Wanyonyi akanisindikiza hadi kwa ua wa nyuma. Nilidhani anataka niangalie mlango wa choo. Huwa ananiita shemeji kwa kelele, leo aliniita pole pole.

"Shemeji, hiyo tanki isiishe."

Nikajifanya sijaelewa.

"Uicheleweshe. Uiharibu. Mimi sijui chuma, wewe unajua. Mvua itakuja, barabara itafungwa, atanyamaza. Mmoja amezikwa bila mimi kumwona. Huyu wangu wa pili nataka afie mikononi mwangu, kwa kitanda chake. Naomba kitu kikubwa?"

Nikasema si kikubwa.

Nimekubali. Mimi ambaye nimewahi kumdanganya askari wa mpaka na tabasamu, leo sikuweza kumwangalia mama wa watu usoni.

Jumapili, 13 Februari

Kanisani. Mhubiri alisema kuhusu ukweli. Nikasinzia kwa makusudi.

Jumanne, 15 Februari. Kitale

Tanki imekaa mahali pake. Nimeifunga kwa mikanda ya chuma, nikaweka mpira wa tairi kuukuu katikati isisuguane. Nimevuta bomba hadi kwa pampu, nikaweka koki: ukigeuza huku unakunywa tanki ya nyuma, ukigeuza huku unakunywa mpya. Imependeza. Ningekuwa tanki ningejioa.

Halafu nikafanya ile kitu.

Kila tanki inapumua. Kuna kabomba kembamba juu, ndiko hewa inaingilia petroli ikitoka. Ukikaziba, pampu inavuta, inavuta, haipati. Gari inakohoa, inazima. Nimekaziba na sabuni na kitambaa, ndani kabisa, macho hayaoni. Tukianza na tanki mpya hapa Kitale, itazima karibu na Kapenguria. Nitashuka, nitagongagonga, nitatikisa kichwa kama daktari. Nitasema, bakoki, tanki imekataa. Tutarudi na ile ya nyuma. Kufikia kwaresma kuisha, mvua imefunga.

Mpango mzuri. Hakuna mtu anaumia.

Nimekunywa chai bila sukari na sikugundua mpaka kikombe kimeisha.

Ijumaa, 18 Februari

Simiyu alikuja kwa pikapu ya jirani kuangalia gari yake. Sikumtarajia. Amekonda juu na kunenepa chini, kama chupa.

Alizunguka. Akasifu mikanda. Akageuza koki, huku, kule. Yeye si fundi lakini ameendesha hiyo gari tangu tuko na nywele. Kisha akaniuliza, "Inapumua wapi?"

Nikamwonyesha. Akainama, mkono mmoja kwa bodi. Akaweka mdomo kwa kabomba akapuliza. Na hicho kifua chake. Uso ukawa mweusi, mishipa ikasimama shingoni. Hewa haikuenda mahali. Nikamwambia wacha, bakoki, wacha bana. Akapuliza tena.

Akainuka. Akaniangalia.

"Ni wewe ama ni yeye?"

"Ni mimi."

"Wewe huna akili ya namna hiyo," akasema. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkalisha chini kwa mavumbi. Nikampa maji.

Nilingoja anitukane. Ana haki. Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma. Akasema kufa kwake si habari, ng'ombe wanajua. "Lakini nikitangulia kufika huko chini na kijana bado yuko jangwani, hajaitwa, nitamwambia nini? Nilikuwa naogopa barabara?"

Nikatoa sabuni na kitambaa mbele yake, kwa waya. Akaomba apulize tena. Ikapita. Akasema, "Ona, angalau mmoja wetu anapumua."

Baada ya pikapu kuondoka nililia nyuma ya mtungi wa gesi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 19 Februari

Nimejaza tanki. Nimepaka povu la sabuni kila mshono. Hakuna hata tone. Nimezunguka nayo hadi Saboti na kurudi nikinywa tanki mpya peke yake, mlimani, kwa mashimo yote. Inavuta kama ndama.

Nimeamua nitamwendesha mwenyewe. Barabara ya juu naijua tangu niko utingo wa malori. Akifa njiani, atakufa na mtu anayemtukana vizuri.

Mama Wanyonyi sijamwambia. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 21 Februari. Lodwar

Leo imekuwa siku ya ajabu. Niiandike kwa mpangilio.

Asubuhi Bumula. Wamekuja wazee wawili na dada yake Simiyu, Nekesa. Simiyu amevaa koti ya harusi. Nimefungua mlango. Akainua mguu kwa ngazi, mguu ukakataa. Akajaribu tena. Mimi na mzee mmoja tukamshika makwapa, tukamwinua, akalia kwa sauti kama mtoto. Midomo ikawa ya bluu. Tukamshusha. Akakaa chini akiegemea gurudumu, akisema, "Nipumzike kidogo tu. Kidogo tu, tunaenda." Kila mtu aliona. Yeye wa mwisho.

Mama Wanyonyi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Nilidhani atafurahi. Mambo yamekwenda alivyotaka, na bila dhambi yangu.

Aliingia ndani. Akatoka na leso, blanketi na viazi kwenye kikapu. Akapanda kiti cha abiria.

Mzee mmoja akasema, mwanamke haiti. Baba ndiye huita. Akajibu akiangalia mbele, "Basi baba anifundishe ya kusema, twende." Simiyu akaomba ainuliwe hadi dirishani. Waliongea. Sikusikia, nilikuwa najifanya kuangalia maji ya rejeta. Niliona tu Simiyu akimshika kidole kimoja, sio mkono, kidole kimoja.

Kwangu akasema, "Usiendeshe kwa sifa."

Tumefika Lodwar jua likizama. Mama hajasema neno tangu Marich. Nimeongea mimi, mpaka nimejichosha mwenyewe.

Jumanne, 22 Februari

Nje ya Lodwar nimegeuza koki. Tanki mpya. Gari haikuhisi hata kidogo.

Mama aliangalia mkono wangu. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeniahidi, shemeji."

"Nilikuwa."

Tulivuka mto mmoja wa mchanga, na mwingine. Kisha akasema, "Asante kwa kunisaliti." Akamenya kiazi akanipa nusu.

Joto kama mdomo wa tanuri. Petroli njiani hakuna, hata ya chupa. Bila hiyo tanki saa hii tungekuwa tunasukuma. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Tumelala kwa nyumba ya katekista, mzee Mturkana anayeitwa Ekai. Anajua kaburi. Tutaenda kesho mapema kabla ya jua.

Jumatano, 23 Februari

Lundo la mawe, chini ya mgunga. Ekai alikuwa ameliwekea ua wa miiba fisi wasikaribie. Anaurudishia kila ukianguka. Hakumjua Wanyonyi. Nilimuuliza kwa nini basi. Akaniangalia kama mimi ndiye mgeni wa dunia.

Mama Wanyonyi alivua viatu. Akasimama. Akaita.

Hakuita jina la ubatizo. Aliita Wanyonyi, jina la babu, lile walilompa akiwa na siku chache akilia bila kukoma, likamnyamazisha. Aliita mara nyingi. Sauti yake ikavunjika, akaanza kumgombeza kwa Kibukusu kama aliyechelewa na ng'ombe: umekaa sana, baba yako anangoja, chakula kinapoa, inuka twende. Ekai hajui lugha yetu na alikuwa anafuta macho.

Kisha akapiga magoti akachota udongo kwa mikono. Mchanga, kweli, si udongo. Ulikuwa unamponyoka kwenye vidole. Akaufunga kwenye leso, mafundo mawili.

Mimi nilisimama tu. Nilishika kofia. Nimeona vita ya watu, nimeona lori ikiungua na mtu ndani. Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Alhamisi, 24 Februari. Lodwar

Leso iko mapajani mwake. Anamwambia kijana kila mahali tunapopita, asije akapotea nyuma. Wanyonyi, huu ni mto. Wanyonyi, hapa tunapinda kushoto. Nimeanza kumsaidia. Wanyonyi, hapa soda ni moto na muuzaji ni mwizi. Mama akacheka. Mara ya kwanza.

Amesema akifika atamwekea Simiyu mkononi kabla hata ya kunywa maji.

Ijumaa, 25 Februari. Bumula

Kapenguria simu ikapata mtandao. Nilikuwa nimesimamisha gari kununua ndizi. Ujumbe wa Nekesa: *Simiyu ametuacha jumatano asubuhi. Mama asijue. Mlete tu.*

Kwetu mke haambiwi njiani. Anaambiwa nyumbani na wanawake, wakiwa wamemshika. Hata kama sio kwetu, mimi ningesema kwa mdomo gani? Nikarudi na ndizi. Nikawasha gari.

Aliendelea. Wanyonyi, hapa ni Kitale kwa kina shemeji. Wanyonyi, Kiminini. Mahindi yamevunwa, unaona? Mimi nikiangalia barabara. Nilijaribu mzaha mmoja nikapata mate tu.

Baada ya Kamukuywa akasema, "Shemeji, umenyamaza tangu Kapenguria."

Nikasema nimechoka.

"Wewe huchoki mdomo."

Nikabadilisha gia. Hakuuliza tena. Tulikwenda hivyo, injini peke yake ikiongea. Kisha akainamia leso, akasema kwa sauti ile ile ya kutaja miji: "Wanyonyi, baba yako hakungoja."

Na akaendelea. Wanyonyi, hapa ni Webuye. Wanyonyi, hapa Bungoma. Wanyonyi, tunaingia kwa barabara ya nyumbani.

Wanawake walikuwa wamesimama kwa lango. Alishuka mwenyewe. Hakumpa mtu yeyote ile leso.

Jumamosi, 5 Machi

Tumewazika. Wazee walibishana nani atangulie. Wakakubaliana kijana, kwa sababu alikufa kwanza na amesafiri zaidi. Asubuhi leso kwenye kijisanduku, mchana baba yake kando. Mkono ukinyooshwa kutoka kaburi moja unafika kwa lingine.

Bakoki tuliobaki tuna kazi yetu kwa matanga: kutukana marehemu, kupunguza machozi. Walinisukuma mbele. Nilisema Simiyu alikuwa mchoyo, mwoga wa maji baridi, na mcheza ngoma mbaya kuliko wote Bungoma. Watu walicheka sana. Yote yalikuwa uongo. Alinipa ng'ombe nikiwa sina mbuzi.

Nimekasirika na moyo wake. Ungengoja siku tatu tu, wewe nyama.

Jumanne, 8 Machi

Siku ya kunyoa ya msiba imepita. Wote vichwa vipara. Mama Wanyonyi anaonekana kama msichana.

Nimerudi kazini. Kuna lori inataka springi. Nimeichelewesha, sina nguvu.

Alhamisi, 17 Machi. Bumula

Mvua imeanza. Nimeshuka kumsaidia Mama Wanyonyi kupanda. Yeye anachimba, mimi naweka mbegu, Nekesa anafukia. Nimewaambia nimewahi kuona Congo wakipanda mahindi kwa kutema mate. Hawakuamini.

Tulipopumzika Nekesa akasimulia siku zile, maana alikuwa hajasimulia. Simiyu hakuuliza dawa wala padri. Aliuliza tu tumefika wapi. Jumatatu aliuliza. Jumanne aliuliza kutwa. Simu hakuna, habari hakuna. Jumatano asubuhi akauliza tena, na Nekesa akachoka kumwona hivyo. Akamdanganya. Akamwambia, "Wamefika. Amemwita. Ameitika."

Simiyu akasema, "Sawa." Akageukia ukuta.

Nekesa alikuwa analia akisema alimdanganya mtu anayekufa, Mungu atamwuliza.

Mama Wanyonyi aliweka jembe magotini. Kisha akamwambia Nekesa yeye aliita lini kule kaburini. Jumatano, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Alikuwa amesimama pale bila viatu, akiita.

Mvua ikawa nyepesi. Tukarudi shambani, tukapanda hadi kwa mpaka wa jirani. Nalala hapa leo. Kesho tunamaliza upande wa chini, kama ardhi haijalowa sana.